Mng'aro Usio na Taa

Nimepewa nafasi katika kurasa za jarida letu nitoe maoni yangu, nami nimeamua kuandika juu ya jambo ambalo sote tunaliona kila wiki lakini hatulisemi. Jambo lenyewe ni ule mng'aro unaotiwa kwenye picha kwa kompyuta. Najua wapo watakaosema, "Ah, huyu naye! Mitihani inabisha hodi, yeye anatuletea habari za picha!" Nawaomba subira. Jambo hili si dogo kama linavyoonekana, na mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba linagusa nyuso za watu wetu wenyewe.

Hebu tembea kidogo hapa Voi mjini ukifungua macho. Mabango ya uchaguzi wa Agosti 2022 yalipokuwa yamebandikwa kila ukuta na kila nguzo, wagombea wengi walikuwa na duara la nuru nyuma ya vichwa vyao, kana kwamba jua linachomoza kutoka kwenye kola ya shati. Angalia kalenda zilizotundikwa madukani. Angalia picha za harusi na za mahafali. Angalia maandishi yanayowaka ubavuni mwa matatu. Halafu, na hapa ndipo penye uchungu, angalia vijitabu vya ratiba ya mazishi. Marehemu huwekwa juu ya mawingu, miale ikamtoka mabegani, na uso wake ukang'arishwa mpaka ukapauka kama uliopakwa unga. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nao hawakuwahi kuiona kompyuta!

Maoni yangu ni haya, nayasema waziwazi ili nisije nikaeleweka vibaya. Mng'aro ni sanaa nzuri na inafaa tujifunze. Lakini mwanga wowote unaotiwa kwenye picha sharti uwe na chanzo, yaani taa, moto, jua, au kitu kinachong'aa kwa kweli. Usitiwe kwenye ngozi ya mtu, na zaidi ya yote usitiwe kwenye picha ya mtu ambaye hayupo tena kusema, "Hapana, huyo si mimi." Vilevile usitiwe kwenye kitu kinachouzwa.

Kabla sijaanza kutetea hoja yangu, ningependa kueleza mng'aro huu hutengenezwa vipi, maana huwezi kukosoa chakula ambacho hujui kimepikwaje. Wengine hudhani kompyuta ina uchawi fulani. La hasha! Ni hesabu tupu. Kwanza fundi hunakili picha, akapata picha mbili zilizolaliana kama karatasi mbili zinazopenya mwanga. Kila moja ya hizo huitwa tabaka. Pili, huchukua tabaka la juu akalitia ukungu, yaani kila nukta ya rangi husambazwa kwa jirani zake mpaka mistari yote ikayeyuka. Ukungu unaotumiwa zaidi huitwa kwa jina la Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani aliyeishi kutoka 1777 hadi 1855, kwa kuwa husambaza rangi kwa kufuata ule mchoro wake unaofanana na kengele. Tatu, tabaka lile lenye ukungu huchanganywa na la chini kwa njia iitwayo skrini, ambayo huongeza mwanga tu na haipunguzi kamwe. Basi! Picha inaanza kuwaka.

Wala jambo hili halikuanzia kwenye kompyuta. Mpiga picha mmoja wa Kanada, Michael Orton, katika miaka ya 1980 alikuwa akibandika pamoja slaidi mbili za mahali pamoja, moja kali na moja yenye ukungu, akapata picha zinazong'aa kama ndoto. Hapa kwetu pwani nako ustadi wa kuchezea picha ni wa zamani. Kule Lamu, marehemu Omar Said Bakor alisifika kwa kuunganisha picha kwa mkono katika studio yake, na kazi zake zimefika hata kwenye vitabu na maonyesho ya ng'ambo. Kule Likoni, Mombasa, wapiga picha wa miaka ya 1990 walipamba vibanda vyao kwa pazia zilizochorwa meli na ndege, na mteja aliondoka na picha akiwa kama msafiri wa nchi za mbali. Kwa hivyo sisemi kwamba zamani picha zote zilikuwa kweli tupu na leo zote ni uongo. Mtu aliyesimama mbele ya meli iliyochorwa Likoni alijua ni meli ya rangi, na aliyeonyeshwa picha alijua vilevile. Uso wake ulibaki uso wake. Sasa ni uso wenyewe unaobadilishwa.

Programu ya Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, ilianza kuuzwa mwaka wa 1990. Matabaka yaliingia mwaka wa 1994 katika toleo la 3, na mwaka wa 1998 toleo la 5 likaleta mng'aro wa kubonyeza tu, ambapo hata asiyejua kitu huweza kukizungushia kitu chochote nuru kwa mara moja. Nadhani taabu yetu ilianzia hapo. Kazi ilipokuwa ngumu, fundi alijiuliza kwanza, "Je, inafaa?" Kazi ilipokuwa rahisi, swali hilo likasahaulika. Na siku hizi simu ya mkononi humng'arisha mtu kabla hata hajaomba.

Sasa njooni tufanye hesabu, na mwalimu wa Hisabati anisahihishe nikikosea. Ndani ya kompyuta kila nukta ya picha, iitwayo pikseli, ina namba tatu: moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Kila namba huanzia 0, ambayo ni giza totoro, hadi 255, ambayo ni mwanga wa mwisho. Kwa urahisi tuchukue namba moja tu. Ile njia ya skrini hufanya hivi: toa kila namba mbili kutoka 255, zidisha masalio hayo mawili, gawa kwa 255, kisha toa jibu kutoka 255.

Tuseme kuna picha ya mzee amevaa suti nyeusi na shati jeupe. Suti yake ina namba 20, shati lina 240, na uso wake wa kahawia una 120. Tukichanganya kila namba na nakala yake yenyewe, suti inapanda kutoka 20 hadi 38. Hiyo ni nyongeza ya 18. Shati linapanda kutoka 240 hadi 254. Hiyo ni nyongeza ya 14. Je, uso? 255 kutoa 120 ni 135. 135 mara 135 ni 18,225. Ukigawa kwa 255 unapata kama 71. Toa hiyo kutoka 255, jibu ni 184. Uso umepanda kwa 64!

Mmeona? Suti imebaki nyeusi, shati limebaki jeupe, lakini uso wa mzee umebadilika kuliko kitu kingine chochote katika picha. Hesabu hii huzisukuma zaidi namba za katikati, zile zilizo karibu na 127. Na ngozi za watu wengi wa nchi hii, zikipigwa picha kwa mwanga wa kawaida, ziko wapi? Ziko hapohapo katikati! Mtu ambaye ngozi yake ilikuwa tayari 220 hataona tofauti kubwa, kwa sababu nafasi iliyobaki ya kupanda ni ndogo. Sisi ndio tunaopandishwa mpaka tukawa watu wengine. Fundi hakukusudia ubaya, wala kompyuta haina chuki na mtu, lakini matokeo ni yaleyale: mwenye ngozi ya kahawia hatoki alivyoingia.

Isitoshe, kuna makunyanzi. Kunyanzi ni mstari mweusi kidogo kuliko ngozi inayouzunguka. Tuseme ngozi ni 120 na mstari wa kunyanzi ni 80, tofauti ni 40. Ukungu wa tabaka la juu huzichanganya zote mbili, tuseme zikawa 115. Piga ile hesabu tena: ngozi inakuwa 181, kunyanzi linakuwa 159. Tofauti ni 22 tu. Karibu nusu ya makunyanzi imefutwa, na fundi bado hajashika brashi! Jamani, makunyanzi ya mzee ni kitabu chake. Ni miaka yake ya kupanda na kushuka vilima vya Taita akiwa na mzigo kichwani, ni jua la mashamba ya mkonge, ni vicheko vyake na misiba yake. Nani ametupa ruhusa ya kufuta nusu ya kitabu?

Labda mtu ataona ninatia chumvi. Basi niwape mfano mmoja niliouona kwa macho yangu, bila kutaja jina la yeyote. Katika mtaa wetu alikuwapo nyanya mmoja kikongwe, jirani yetu, aliyependwa na watoto wote. Mwaka jana alifariki. Jamaa zake walitafuta picha ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi, wakapata moja tu, ndogo, iliyopigwa siku ya sherehe ya kanisa. Ilipelekwa kwenye kibanda kimoja cha picha. Ilirudi ikiwa na mawingu, njiwa wawili, miale ya dhahabu, na uso mlaini uliokosa umri. Siku ya mazishi kitukuu chake, mtoto wa miaka sita, aliishika karatasi ile akaigeuzageuza, kisha akamwuliza mamake, "Kwani huyu ni nani?" Watu wazima walicheka kidogo, halafu wakanyamaza. Ile picha ndogo ya kwanza haikurudi kutoka kibandani, ikawa imepotea. Leo iliyo ukutani mwao ndani ya fremu ni ile yenye miale. Mtoto yule atakua akijua kwamba nyanya yake alikuwa hivyo, na hakuna picha nyingine ya kumsahihisha.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni zito. Kwa jamaa nyingi za Voi, Wundanyi, Mwatate na Taveta, picha ya mazishi ndiyo picha pekee kubwa ya mtu huyo itakayobaki. Nyingine ni za kitambulisho na za pasipoti, ndogo kama stempu, au ziko ndani ya simu ambayo itaibwa au kuharibika. Tukiikosea hiyo moja, tumemkosea mtu kwa vizazi vyote vinavyokuja. Ukitaka kujua kama picha ni nzuri, usiwaulize wanaomjua, maana wao wanamwona kwa moyo. Mwulize mjukuu ambaye hakumjua.

Halafu kuna jambo la maana ya duara lenyewe. Wakatoliki walifungua misheni yao Bura mwaka wa 1892, na tangu zamani hizo watu wa milima hii wameziona picha za watakatifu zenye duara la nuru kichwani. Wachoraji wa kale hawakulitia duara lile kwa mapambo tu. Lilikuwa neno, nalo lilisema: huyu ni mtakatifu. Sasa ikiwa kila mtu analo, kuanzia mgombea wa uwakilishi wadi hadi muuza simu, neno hilo limebaki na maana gani? Nuru iliyo kila mahali ni sawa na kelele iliyo kila mahali. Hakuna anayeisikia tena.

Fauka ya hayo, tukumbuke kwamba kaunti yetu ni nchi ya vito. Mwaka wa 1967 Campbell Bridges aligundua kito cha kijani kule Tanzania, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akakipata tena hapa Taita Taveta. Mwaka wa 1974 kampuni ya Tiffany ya Marekani ikakipa jina la tsavoraiti kwa heshima ya Tsavo yetu. Kijani chake hutokana na vanadiamu, mara nyingi pamoja na kromiamu kidogo. Na kule Mangare kuna rubi. Hawa ndio wenye mng'aro wa haki! Rubi nyingi ukizimulika kwa miale ya urujuanimno, ambayo jicho halioni, zenyewe huwaka nyekundu kama kaa la moto. Kromiamu ileile inayozipa rangi ndiyo inayoziwasha. Hakuna programu iliyotia kitu hapo. Mwenyezi Mungu alikwisha maliza kazi.

Lakini siku hizi biashara ya mawe pia huanzia kwenye simu. Mtu hupiga picha ya jiwe, akampelekea mnunuzi wa mbali. Ni rahisi sana kulitia jiwe hafifu mng'aro likaonekana kama lina moto ndani. Mimi nauliza, nani ataumia? Mnunuzi ataumia mara moja, akikutana na jiwe lenyewe mkononi. Baada ya hapo hataamini picha yoyote kutoka Taita Taveta, hata ya mchimbaji mwaminifu wa Kasigau aliyetoka shimoni na vumbi lake akipiga picha kwa mwanga wa jua tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kibaya kikijitembeza kwa muda mrefu, hata kizuri hukosa wa kukinunua.

Sasa niwasikilize na wenye maoni tofauti, maana si vyema kuzungumza peke yangu kama redio. Wapo wasemao kwamba jamaa wenyewe ndio wanaoomba. Wamefiwa, wana majonzi, wanataka mpendwa wao aonekane amepumzika mahali pema. Je, ni dhambi? La, si dhambi. Mwenye msiba hafokewi. Lakini mtaniruhusu niseme kwamba mara nyingi mwenye msiba haombi mng'aro. Anaombwa achague kati ya mitindo mitatu iliyo tayari kwenye kompyuta, na yote mitatu ina mng'aro. Angeonyeshwa na picha ya mpendwa wake iliyosafishwa vumbi, ikanyooshwa, ikaachiwa rangi yake, naamini wengi wangenyoosha kidole hapo na machozi yakiwatoka.

Wengine husema, vijana wenye vibanda vya picha wanajitafutia riziki, tusiwaharibie. Nakubali kabisa riziki yao iheshimiwe. Hakuna asiyejua jinsi kazi ilivyo adimu katika mji huu. Lakini kutunza uso wa mtu nako ni kazi ya kulipwa, tena ni kazi ngumu zaidi. Kuondoa mikwaruzo kwenye picha ya zamani, kurudisha rangi iliyofifia, kukuza picha ndogo bila kuiharibu: huo ndio ufundi unaostahili pesa. Kubonyeza mng'aro hata mtoto anaweza.

Wapo pia watakaoniambia, "Wewe basi unachukia mambo mapya." Hapana. Naipenda kazi hii kuliko wengi wenu mnavyodhani, na kwa sababu naipenda nataka ifanywe vizuri. Hebu fikirini mahali tunapoishi. Usiku, malori ya barabara ya Mombasa yanapopita, vumbi letu jekundu huinuka na kila taa huzungukwa na duara la rangi ya kutu. Asubuhi kule Wundanyi, ukungu ukiwa chini, balbu ya duka huonekana kama yai la dhahabu. Alfajiri kutoka Taveta, kukiwa hakuna wingu, theluji ya Kilimanjaro hushika jua kabla watu wa bondeni hawajaliona. Hii ni ming'aro ya kweli, nayo ina sababu. Mwanga unagonga chembe za vumbi au matone ya maji hewani, unatawanyika, na jicho linaona duara. Ndani ya lenzi ya kamera pia mwanga mkali hutawanyika kidogo. Kwa hivyo mng'aro ukitiwa mahali pake, unamwambia mtazamaji kitu cha kweli: hapa palikuwa na vumbi, hapa palikuwa na ukungu, taa hii ilikuwa kali kuliko giza lililoizunguka.

Tena jambo la mwisho hilo ni muhimu. Taa haing'ai mchana. Ukitaka kitu kiwake kwenye picha, siri si kuongeza mwanga bali ni kulinda giza. Wanaoanza kujifunza huongeza mng'aro kila mahali, wakashangaa picha imekuwa kama nguo iliyofuliwa kwa dawa kali, yote imechuja. Fundi mzuri hufanya hivi. Huhifadhi picha ya asili kwanza, kando, asiiguse tena. Halafu hunakili tabaka. Nakala hiyo huitia giza mpaka kila kitu kizame isipokuwa chanzo cha mwanga, yaani mwali wa koroboi, taa ya lori au jua. Ndipo anapotia ukungu kwenye kile kilichobaki, akachanganya kwa skrini, na mwisho akapunguza nguvu ya tabaka mpaka mng'aro uwe karibu kutoonekana. Uso wa mtu aliyeketi kando ya koroboi hiyo hautaguswa, ila upande wake unaoelekea mwanga utaonekana umepata joto, kama ilivyo usiku wa kweli. Mimi naona picha ya namna hiyo inamheshimu mtu kuliko mawingu yote na njiwa wote.

Basi nina mapendekezo matatu, na nayaelekeza kwetu sisi wenyewe kwanza, maana mcheza kwao hutunzwa.

La kwanza, chama chetu kiweke kanuni kwa picha zote zitakazoingia katika jarida hili na katika mabango ya shule. Picha ya mtu isibadilishwe rangi ya ngozi wala isifutwe alama za uso. Kupunguza giza la picha iliyopigwa gizani ni sawa, kukata pembeni ni sawa, lakini mwanafunzi atoke alivyo. Wenzetu wa kidato cha nne watakapotuachia picha zao za kuaga, tuwatambue hata baada ya miaka 30.

La pili, tufundishwe. Somo la Kompyuta katika mtaala wa 8-4-4 lilikuwa na mada ya uchapishaji kwa kompyuta, kwa hivyo mlango uko wazi. Na wasiosoma somo hilo wasiachwe nje. Iko programu ya bure iitwayo GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa umma mwaka wa 1996. Haihitaji leseni ya kununua, na matabaka, ukungu na skrini vyote vimo ndani yake. Nawaomba walimu wetu kwa heshima watufikirie saa moja tu kwa wiki baada ya masomo. Sisi wa shule ya kutwa tunawahi kurudi nyumbani, hilo najua, lakini wengi wetu tungesalia kwa furaha. Anayejua jinsi mng'aro unavyotiwa hadanganyiki na mng'aro. Ataliona bango la mgombea akacheka. Ataiona picha ya jiwe akauliza, "Nionyeshe lililopigwa juani."

La tatu, na hili kila mmoja wetu anaweza kulifanya bila kompyuta wala ruhusa ya yeyote. Ukirudi nyumbani leo, mwombe nyanya au babu aketi nje ya mlango saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala na ukali wake umepungua. Mgeuze kidogo, mwanga umjie kutoka upande mmoja. Azima simu ikiwa huna, zima ile sehemu ya kurembesha uso, halafu mpige picha ukiwa karibu. Ihifadhi mahali pawili. Jua la Voi jioni lina dhahabu yake lenyewe, halihitaji kuongezewa. Siku ikifika, na sote tunajua itafika, mtakuwa na picha ya mtu mliyemjua, na yule kitukuu hatauliza ni nani.

Walimu na wanafunzi wenzangu, sijasema kompyuta zifungwe wala vibanda vya picha vivunjwe. Nimesema mwanga uwe na taa yake. Kwa wale ambao wangetaka kubishana nami, karibuni sana kwenye mjadala wa chama, mje na hesabu zenu. Kwa leo kalamu yangu naiweka chini. Mwenye macho haambiwi tazama.